Barua kwa mwanangu: lizi yako isishuke chini ya miaka 80

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, ujumbe wako nimeusoma na babako naye ameusoma. Unasema lizi ya fleti yako ya Walthamstow, London, yaani mkataba unaokupa fleti kwa muda maalum, imebakiwa na miaka 80 na miezi minane, mwenye jengo amekuandikia kwamba atakuongezea muda kwa bei nafuu, na wenzako kazini wanakwambia usubiri sheria mpya. Unaniuliza ushike lipi. Mimi nakuomba usishike hata moja kati ya hayo mawili. Tafuta wakili anayefanya kazi za lizi, na notisi yako ya kudai nyongeza ya muda imfikie mwenye jengo kabla miezi hiyo minane haijakatika.

Jambo lenyewe si geni kwako. Hapa Mombasa umekulia kati ya nyumba ambazo kuta ni za mtu na ardhi ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi bila kujua kesho ataambiwa nini. Huko Uingereza wewe una kinga. Sheria ya 1993 inakupa haki ya kumlazimisha mwenye ardhi, ndiye huyo mwenye jengo, akuongezee miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya ardhi ikome kabisa. Apende asipende. Zamani ilibidi uwe umemiliki fleti kwa miaka miwili kwanza, lakini sharti hilo liliondolewa tarehe 31 Januari 2025, kwa hiyo hata wewe uliyenunua juzi unaruhusiwa.

Sasa hiyo 80. Lizi ikiwa na zaidi ya miaka 80, unamlipa mwenye ardhi fidia ya kodi anayoipoteza na ya kucheleweshewa kurudishiwa fleti yake. Ikifika 80 au chini yake, linaongezeka deni jingine wanaloliita thamani ya ndoa. Fleti yenye lizi ndefu ina bei kubwa kuliko yenye lizi fupi, na nusu ya faida inayopatikana kwa kurefusha lizi inakuwa haki ya mwenye ardhi. Faida hiyo ikiwa pauni 20,000, basi 10,000 ni zake, juu ya yale mengine yote. Kinachoangaliwa ni siku notisi inapotolewa. Ukiiwahisha, hata mazungumzo yakivuta mwaka mzima na lizi ikashuka hadi 79, hesabu inabaki ya siku ile. Tena uhesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa ndani ya lizi yenyewe, maana siku uliyonunua haihusiki.

Wenzako hawakudanganyi kuhusu sheria mpya. Ilipitishwa Mei 2024, na inaahidi nyongeza ya miaka 990 na kuifuta thamani ya ndoa. Lakini kupitishwa ni jambo moja na kuanza kutumika ni jingine, na hadi ninapokuandikia vipengele hivyo viwili havijaanza kutumika. Ukingoja na vikachelewa, utavuka mstari wa 80 na nusu ile itakuangukia. Ukienda sasa utakuwa na miaka 170 bila kodi ya ardhi. Nani atakataa kununua fleti ya namna hiyo, au benki gani itakataa kuikopeshea? Mwenye lizi ya miaka 60, aliyekwisha kuuvuka mstari huo, ningemwambia mengine. Wewe hali yako si hiyo.

Barua ya mwenye jengo ndiyo iliyoniudhi. Isome tena polepole. Akikupa muda nje ya ile sheria ya 1993, masharti anayapanga mwenyewe. Mara nyingi bei ya mwanzo huwa ndogo kwa sababu lizi inarudishwa kwenye miaka 99 tu, yaani anakuongezea 18 badala ya 90, na kodi ya ardhi inabaki, pengine na kifungu cha kuipandisha kila baada ya miaka kadhaa. Hapo unalipa leo, na baadaye unalipa tena. Tena mazungumzo ya pembeni hayasimamishi saa. Mtaandikiana kwa upole mpaka miezi yako iishe.

Kabla ya notisi, mthamini aje aione fleti, kwa sababu notisi lazima itaje bei unayotoa, na bei ya mzaha inaweza kuibatilisha. Mwenye jengo anaweza kukudai amana ya asilimia 10 ya bei hiyo, au pauni 250 ikiwa ndiyo kubwa. Apewe angalau miezi miwili ya kujibu. Msipoelewana, una miezi sita tangu jibu lake kupeleka shauri kwenye baraza linaloamua mashauri ya namna hii, na tarehe hiyo uiandike ukutani: ikikupita, notisi inakufa na utangoja miezi 12 kuanza upya. Gharama halali za wakili na mthamini wa mwenye jengo utazilipa wewe, zitenge mapema.

Shirika la ushauri wa lizi linalofadhiliwa na serikali, LEASE, halitozi kitu. Waulize kabla hujamlipa mtu. Mwenye jengo usimjibu neno la kukubali. Nitumie nakala ya lizi kurasa zote, na pesa za mthamini babako amesema atazitoa yeye.

Mamako