Matako chini, wiki ya 29: kwa wadogo zangu mnaoanza kupima wajawazito

Mwaka wangu wa kwanza zahanati nilimpima mama mwenye mimba ya wiki 29. Kichwa nikakigusa juu, karibu na chembe cha moyo, nikafurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu. "Mtoto amekaa vibaya," nikamwambia, "ametanguliza matako." Nikaandika kwenye kadi, nikaita anayefuata.

Alirudi baada ya wiki tatu, tumbo linauma. Mama mkwe alikuwa amempeleka kwa bibi mmoja, akachuliwa tumbo siku tatu mfululizo kwa mafuta ya nazi ili mtoto anyooshwe. Nilipompima, kichwa kilikuwa chini. Bibi akapata sifa zake mtaani, ingawa mtoto wa umri ule angeweza kugeuka bila mkono wa mtu. Tulishukuru damu haikutoka na mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri, maana tumbo likikandwa kwa nguvu kondo la nyuma linaweza kubanduka. Ningependa kumlaumu bibi, lakini safari ya kwenda kwake ilianzia mdomoni mwangu.

Kwenye wiki ya 28, takribani mtoto mmoja kati ya wanne ametanguliza matako. Mimba ikitimia wanabaki kama 3 au 4 kati ya 100. Kwa hiyo nilichokiona siku ile hakikuwa ugonjwa. Mtoto bado mdogo, maji ya uzazi yanamtosha kuogelea, anapinduka asubuhi na jioni tena. Kadiri wiki zinavyokwenda anakua haraka kuliko nafasi inavyoongezeka, na mji wa mimba una umbo la parachichi lililogeuzwa kikonyo chini: juu kupana, chini kwembamba. Matako pamoja na miguu iliyokunjwa vinahitaji nafasi kubwa kuliko kichwa, basi vinaelekea juu, na kichwa kinashuka kwenye wembamba. Baada ya wiki ya 36 wengi wameshatulia, ingawa wapo wanaogeuka hata baada ya hapo.

Ndiyo maana nasema mlalo usioandikwa pamoja na wiki haumsaidii mtu. "Matako, wiki 29" ni habari ya kungoja. "Matako, wiki 37" ni rufaa. Na hilo neno "amekaa vibaya" liacheni kabisa, halipo kwenye kipimo chochote.

Sasa mikono. Hatua nne za kupapasa tumbo mlizofundishwa ni za Leopold, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, na mpaka leo sijaona kifaa cha bei rahisi kuzishinda. Ila chuoni hamkuambiwa vya kutosha kwamba mama aende kwanza kukojoa. Kibofu kilichojaa kinakudanganya vizuri sana. Akunje magoti, wewe pasha viganja joto kwa kuvisugua, tumia matumbo ya vidole na si ncha. Kabla hujamgusa muulize mateke anayasikia wapi. Akisema chini, kama anapigwa kwenye kibofu, weka akilini kwamba kichwa huenda kiko juu. Akisema mbavuni, mara nyingi kichwa kiko chini.

Kichwa ni kigumu na mviringo. Ukikisukuma kidogo kwa vidole vya huku na huku kinacheza peke yake shingoni, mwili umetulia. Matako ni mapana na laini zaidi, na ukiyasukuma mwili mzima unafuata. Mgongo ni kama ubao uliovikwa kitambaa. Upande wa pili unakutana na vinundu vinavyokimbia, magoti na viwiko. Mgongo wa mtoto ukiwa umeelekea mgongo wa mama, utaona tumbo limebonyea chini ya kitovu na viungo unavigusa kwa mbele. Huyo usimhangaikie sana, wengi huzunguka wakati wa uchungu, ila mwandae mama kwa maumivu ya kiuno.

Nilikosea tena, na safari hii vibaya zaidi. Wiki ya 37, foleni imefika nje, nikagusa kitu kigumu juu ya mfupa wa kinena nikaandika "kichwa". Sikukitikisa. Yalikuwa matako, miguu imenyooka kuelekea usoni, na matako ya namna hiyo yakishuka kwenye nyonga ni magumu kweli. Alikuja na uchungu usiku, mwenzangu akampima njia, glovu ikatoka na kinyesi cheusi cha mtoto, kizito kama lami. Ilibidi gari la wagonjwa litafutwe saa nane za usiku kwa jambo lililokuwa limekaa mbele ya vidole vyangu wiki mbili kabla. Mama na mtoto walitoka salama.

Tangu hapo siandiki kichwa mpaka fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, ikubaliane na vidole. Mapigo yakisikika vizuri zaidi chini ya kitovu, sawa. Yakisikika juu ya kitovu, narudia kupapasa tangu mwanzo.

Mimba ya kwanza, kichwa mara nyingi huanza kuingia kwenye nyonga kati ya wiki ya 36 na 38. Mama mwenyewe atakwambia tumbo limeshuka, anapumua vizuri, lakini anakwenda chooni kila saa. Kwa aliyezaa mara nyingi kichwa kinaweza kuelea mpaka uchungu uanze, usimtishe. Mama huyohuyo ndiye wa kumwangalia mtoto asije akakingama, yaani kulala upande kwa upande, kwa sababu misuli ya tumbo imelegea na mtoto ana uwanja. Nimewahi kumkuta mtoto amelala kingamo Jumatatu, Alhamisi yuko wima. Ila akiwa bado amekingama wiki ya 36, jiulize kinachomzuia: kondo lililokaa chini, uvimbe kwenye kizazi, maji mengi kupita kiasi, pacha? Hapo ni altrasaundi na daktari. Asibaki kijijini kusubiri. Chupa ikipasuka mtoto akiwa kingamo, mkono au kamba ya kitovu vinaweza kutangulia, na hapo mnahesabu dakika.

Mwenye matako wiki ya 36 na kuendelea naye apewe rufaa mapema, azungumze na daktari namna atakavyojifungua. Kuna madaktari wanaomgeuza mtoto kwa mikono kutokea nje. Hufanyika hospitalini, altrasaundi ipo, mapigo yanasikilizwa, chumba cha upasuaji kiko jirani, na hufanikiwa takribani nusu ya mara. Usijaribu zahanati, hata ukiombwa.

Wiki iliyopita alikuja binti wa mimba ya kwanza, wiki 28, matako chini, mama mkwe amemsindikiza. Zamani ningemwacha mama mkwe kwenye benchi. Nilimkaribisha ndani, nikampa shikamoo yake, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya kichwa cha mjukuu.

"Hiki?" akauliza.

"Ndicho hicho. Bado ana nafasi ya kugeuka mwenyewe, tutamwangalia tena kila akija, na wiki ya 36 tutaamua. Tumbo asichuliwe."

Akalipapasa tena, taratibu. "Na akigeuka, sisi nyumbani tutajuaje?"

"Mwulize mkweo mateke yamehamia wapi."