Mafunzo ya huruma hayamwongezei mwalimu mzigo

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama mafunzo ya huruma hayatamchosha zaidi mwalimu wa Nairobi ambaye tayari amebeba shida za darasa zima. Hofu yako ina msingi, lakini kuumia pamoja na mtoto na kumhurumia ni mambo mawili tofauti. Watafiti wa ubongo na hisia Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walionyesha kwamba watu waliofunzwa kwanza kuhisi maumivu ya wengine walizidi kusononeka, ilhali walipofunzwa huruma, yaani kumtakia heri anayeteseka kwa moyo uliotulia, hisia njema zilirejea. Kwa hiyo, mtoto wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, anaposinzia saa nne asubuhi kwa sababu hajala tangu jana, mwalimu hujifunza kuvuta pumzi, kumtakia nafuu, kisha kufanya lililo ndani ya uwezo wake, na jioni, akisahihisha madaftari, kujitendea kwa upole uo huo. Hata hivyo, nasisitiza kwamba mwajiri asiyafanye mafunzo haya kuwa kisingizio cha kuliacha darasa la wanafunzi 70 mikononi mwa mtu mmoja.