Injili sio ya mchungaji peke yake

Kaka umeuliza kama kuhubiri si ni kazi ya wachungaji tu, sisi wengine tutoe sadaka tukae. Hapana bwana. Mathayo 28:19 inasema mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, sasa mwanafunzi hapatikani kwa kupigiwa spika ya mkutano mpaka saa sita usiku watoto wanalia (huku kwetu Mwanga, Kigoma, tunaijua hiyo), anapatikana kwa kukaa nae. Halafu Matendo 8, waliotawanyika wakaenda wanahubiri walikuwa waumini wa kawaida tu, mitume wenyewe walibaki Yerusalemu, kasome mstari wa 1 na wa 4. Mi alienivuta ni mama mmoja anaanika dagaa pale Kibirizi, mvua ikianza anakimbia kuanua za jirani yake kwanza, na jirani mwenyewe Muislamu, akirudi kwa zake nusu zishalowa. Nikamuuliza mama we vipi, akacheka, eti Yesu kanifanyia zaidi ya hapo, akaendelea kuchambua dagaa zake. Wamisionari wamefika Ujiji tangu karne ya 19 ila mi kanisa nilikuwa nalijua jengo tu mpaka siku ile.