Volkano ya jikoni imegoma kutoa povu

SWALI: Mhariri, mimi na mwanangu wa miaka 8 tulifinyanga mlima wa udongo kuzunguka chupa, tukatia hamira na siki, lakini povu halikutoka. Tulikosea wapi?
Mama wa Arusha

JIBU: Kosa, mama, ni hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo vinavyotoa gesi polepole vikipata sukari na maji ya uvuguvugu. Tumia soda ya kuokea, vijiko viwili vya chakula pamoja na tone la sabuni ya maji, kisha mwachie mtoto mwenyewe amimine nusu kikombe cha siki: hewa ukaa itafumka papo hapo, na sabuni itaishika iwe povu zito linaloteremka ubavuni mwa mlima. Chupa isizibwe kamwe, maana gesi iliyofungiwa huweza kuipasua.

Mweleze pia kwamba volkano halisi haina siki. Gesi iliyoyeyuka ndani ya miamba ya moto hutanuka mgandamizo unapopungua, ikaisukuma juu lava, yaani miamba hiyo iliyoyeyuka. Nanyi mna bahati ya kuwa karibu na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, ambao lava yake nyeusi, yenye madini ya jamii ya magadi, hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu.