Tumbo lililoning'inia na kosa langu la M79.3

Nilipoanza kujaza madai ya bima katika hospitali moja hapa Mwanza, nilidhani kazi yenyewe ni kunakili. Daktari kaandika, wewe tafuta kodi, jaza, tuma. (Kodi zetu ni zile namba za magonjwa za ICD-10, kitabu cha Shirika la Afya Duniani, WHO. TRA, watoza ushuru, hawahusiki.)

Aliyenitoa usingizini ni mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba. Alikuwa mnene sana, akapungua, ngozi ya tumbo ikabaki inaning'inia hadi mapajani. Kwa joto lile la mwaloni na beseni kichwani kutwa nzima, chini ya mkunjo kulichubuka, kukawa kunatoa maji na harufu. Alikuwa anakunja kipande cha kanga anakipachika katikati, ngozi isisuguane na ngozi. Daktari akaandika neno moja tu: "panniculus". Nikaandika herufi chache kwenye kompyuta, likatokea "panniculitis", M79.3. Nikaweka. Dai likarudi bila kulipwa.

Maneno yanafanana, ila la kwanza ni mkunjo wenyewe wa mafuta na ngozi. La pili ni ugonjwa wa tabaka la mafuta chini ya ngozi kuvimba na kuuma, na huyu mama hakuwa nao. Mkunjo wa mafuta yaliyojaa sehemu moja unaangukia E65. Unene wa mwili mzima ni E66. Michubuko ya kwenye mikunjo ni L30.4, na hiyo ndiyo iliyomleta hospitali! Mimi sikuiweka kabisa, kwa sababu haikuandikwa popote.

Basi ushauri wangu kwa makarani wenzangu: usibuni. Chukua faili, panda ngazi, mwambie, "Shikamoo dokta, hapa naomba uongeze maneno." Aandike mkunjo unafika wapi, vidonda vina muda gani, dawa zipi zimeshatumika na kama vinarudi. Madaktari wengine watanuna. Mvumilie, dai likirudi atakayeulizwa ni wewe. Na kama hakuna kidonda, usimwombe aandike kidonda ili dai lipite. Huo ni wizi, hata ukiufanya kwa huruma.

Jingine ni Google. Ukitafuta ngozi iliyozidi baada ya kupungua uzito utaletewa L98.7, kodi ambayo si kila toleo la ICD-10 linayo. Ukiona kitu kama E66.01, hiyo ni ya toleo la Wamarekani. Kwenye kitabu cha WHO unene wa kula kupita kiasi unaishia E66.0. Angalia kwanza mfumo wa hospitali yako unasoma toleo gani. Na Z41.1, upasuaji wa urembo, usiiguse kwa mgonjwa mwenye vidonda. Ukishaiweka umeshamwambia mtu wa bima asilipe.

Kwako mgonjwa: usiseme "tumbo langu baya" halafu ukanyamaza. Funua, onyesha. Yule mama ile kanga aliitoa chumba cha daktari siku aliyoitwa tena, mara ya kwanza alikuwa ameificha kwa aibu. Tukaandika upya, L30.4 ikatangulia, E65 ikafuata. Dawa zikalipwa. La upasuaji wa kuondoa ngozi bado tunaandikiana barua, na kila akipita dirishani kwangu ananiuliza, "Mwanangu, ile namba yangu imekubali?"