Kwa nini niliomba turudi siku ya tatu

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Hapa Arua sote wazima, mvua imeanza na paa limeshika vizuri.

Ulinipigia simu juma lililopita ukaniuliza jambo, nikakujibu kwa mkato. Ulisema: "Mama, ulituambia ulikuwa ukilia likizo ikiisha. Mimi nimekupeleka visiwa vya Ssese wiki nzima, siku ya tatu unaomba turudi. Ni uzee, au kuna mahali tulikukosea?" Hakuna mliponikosea. Hilo litoe moyoni kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kulia nililia kweli. Ila sikuwahi kukueleza nilikuwa nalilia nini.

Mimi nimekulia kota za reli, Tororo. Chumba kimoja na jiko, namba imepakwa juu ya mlango. Ukuta ulikuwa wa reli, kitanda cha reli, na kioo cha dirisha kikipasuka Baba anakwenda kuandikisha ofisini. Mama yangu alipanda mpapai nyuma ya jiko. Ulipoanza kuzaa, Baba akahamishiwa Soroti, tukaondoka mapapai yakiwa mabichi. Nakumbuka Mama alivyoyabonyeza moja moja kwa kidole gumba, akitafuta hata moja la kubeba, halafu akaingia ndani kufunga mizigo. Watu wazima hawakupaita pale nyumbani. Walisema "hapa kazini". Nyumbani ilikuwa huku Arua, kwa bibi yangu, na tulikwenda mara moja kwa mwaka, Baba akipewa likizo na pasi ya kusafiria treni yeye na mke na watoto.

Reli ilifika Pakwach mwaka 1964. Nilikuwa na miaka minane, na safari ile ya kwanza naiona mpaka leo. Sanduku la bati chini ya benchi, mayai ya kuchemsha ndani ya kitambaa, mapaja yetu yakiwa na alama za mbao za daraja la tatu. Soroti, Lira, Gulu, kila kituo akina mama wanapita chini ya madirisha na sinia za ndizi kichwani. Pakwach tunashuka, tunatafuta gari la kupanda huku juu. Tukifika usiku, Bibi hasemi neno. Anatunawisha miguu kwanza, mtoto mmoja mmoja, kwa maji ya uvuguvugu, na ukisikia ile mikono yake yenye magamba ya simsim unajua umefika.

Kwa hiyo mwanangu, kwetu likizo na nyumbani kilikuwa kitu kimoja. Ukisema "tunakwenda likizo" umesema "tunakwenda kwetu". Likizo ikiisha sikuwa nalilia mchezo. Nililia kwa sababu tulikuwa tunarudishwa kwenye nyumba ya watu.

Wewe umezaliwa ndani ya nyumba hii, chini ya mwembe huu, na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba ufunguo utarudishwa siku moja. Kwako likizo ni kuondoka, na ni haki yako. Ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mtoto aliyelelewa kwao, na nilifurahi sana nilipoona umekua hivyo.

Baba yangu alirudisha ufunguo wa kota mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli ikagawanywa. Tukaja Arua wote, tukasema sasa tumefika, hatutoki tena. Oktoba 1980 vita vikatukuta hapa. Hayo umeyasikia, sitayarudia yote. Tulivuka kwenda Sudan usiku, tukakaa kambini upande wa Yei karibu miaka sita, na kaka yako akazaliwa huko. Kule ndiko nilikojifunza kulala mfuko ukiwa umefungwa miguuni, viatu juu yake. Tuliporudi mwaka 1986 nyumba ya Bibi ilikuwa imebaki ukuta wa kufika gotini, na nyasi zimeota pale tulipokuwa tunanawishwa miguu. Mwembe ulikuwapo. Baba yako, Mungu amrehemu, alifyatua matofali ya nyumba hii mwenyewe, akayachoma palepale uani. Mabati tulinunua matano, tukangoja, tukanunua mengine matano. Chumba chako kiliezekwa mwisho.

Usidhani nimekuwa mtu wa kukaa tu tangu hapo. Nilipokuwa na miaka arobaini, ninyi wanne mko shule, nafundisha asubuhi, nasahihisha madaftari usiku, kuna Desemba niliitazama nyumba hii nikatamani niifungie mlango niende mahali ambapo hakuna atakayeniuliza chumvi iko wapi. Wakati huo mtu angenipa siku tatu za Ssese ningemshukuru kwa kupiga magoti. Walimu tulikwenda Jinja mara moja, kuona pale Nile inapotoka ziwani. Tulilala usiku mmoja, watu sita chumba kimoja, na nilirudi mwepesi kama msichana. Nilikula chakula ambacho sikukipika! Nilikuwa namsimulia kila mtu.

Ndiyo maana nasema jibu la "uzee" si jibu lote. Haja ya mtu inahama. Utotoni nilitaka kufika kwetu. Ukubwani, nikiwa na kwangu tayari, nilitaka kupumzishwa kidogo na kwangu. Sasa nimebaki peke yangu na nyumba, ninyi mko Kampala na Mbarara, na kazi zilizokuwa zinanichosha ndizo zinanipa kuamka. Kupepeta, kumwagilia ile miche, kumfungulia mlango mtoto wa jirani anayekuja kuchota maji. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pale hotelini siku ya tatu ilifika na hakuna aliyenipa jembe. Nilitandika kitanda, yule binti akaja akakitandua, akakitandika upya. Nilipeleka kikombe jikoni, wakanipokea kwa heshima sana, wakaniomba nisijisumbue. Nilikwenda kukaa nikitazama maji, mikono iko mapajani. Sijui kama umewahi kuona mikono yako mwenyewe ikikutazama.

Na uliniuliza siku ya kwanza kwa nini sipangi nguo kabatini. Nikakuambia nimechoka. Mwanangu, mfuko ulikuwa umefungwa miguuni, viatu juu yake, na mimi mwenyewe sikukusudia. Niliamka usiku kwenda msalani nikaukuta hivyo. Hapa nyumbani nina zaidi ya miaka thelathini sijafanya hivyo. Maembe yakidondoka juu ya mabati usiku sishtuki hata kidogo, lakini kule mawimbi yaliniamsha kila saa.

Hata hivyo kuna jambo moja la Ssese ambalo sikukusimulia, na ninakushukuru kwalo. Ile jioni uliyokwenda kupiga picha, nilikaa na yule mzee mlinzi. Nilikuwa nimeona tu michikichi njia nzima, nikamuuliza kama zamani palikuwa hivi. Akasema palikuwa msitu, na kabla ya hapo kuna wakati palikuwa hapana watu kabisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno pembezoni mwa Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki visiwani, ikawapeleka bara. Ilipita miaka mingi ndipo wakaruhusiwa kurudi. Nikamuuliza: walirudi wakakuta nini? Akasema wazee wake walisimulia kwamba walitafuta miti. Nyumba hazikuwapo, lakini mwenye mti wake aliujua. Sikuweza kumjibu. Nilitaka kurudi nikauone mwembe wangu, basi.

Usiache kunialika. Ila nikuombe kitu. Sitaki tena mahali papya. Kama una siku mbili mwezi wa kwanza, nipeleke Tororo. Nimemaliza miaka karibu hamsini sijakanyaga kota zile, na siku hizi, ajabu, naziota kuliko Sudan. Treni ya abiria ya kutoka Pakwach haipo siku nyingi, kwa hiyo nitapanda basi la mchana mpaka Kampala, unipokee, tulale kwako, kesho yake twende na gari lako. Nataka kuona kama ile namba bado iko juu ya mlango, na nyuma ya jiko pana nini. Mpapai hauishi miaka hiyo yote, najua. Nataka kusimama pale tu, kisha tule chakula mjini, tukiuona ule mlima wa jiwe, na usiku huohuo ukitaka turudi, turudi.

Nitakuletea simsim ya kusaga chupa mbili. Moja ni ya mkweo, usiile yote.

Mama yako