Muulize jana alikula wapi

SWALI: Mama, shikamoo. Mwezi ujao nakuja Kisumu kutoka Nakuru, Jumamosi na Jumapili tu. Safari iliyopita niliishia kwenye hoteli yenye vitambaa mezani, nikala samaki ambaye ningempata hata huku. Sasa nataka mnachokula ninyi wenyewe. Nianzie wapi?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kubadilisha swali. Ukimuuliza dereva wa tuktuk wapi kuna samaki mzuri, atakupeleka anakodhani mgeni ataridhika, na pengine anakopewa chochote kwa kukuleta. Muulize, "Wewe jana mchana ulikula wapi?" Atacheka kwanza, halafu atakupeleka.

Nimeuza samaki miaka kumi na minne na bado nimewahi kuchezewa. Kibanda kimoja kando ya ziwa niliapiwa kuwa ngege, yaani tilapia, ni wa asubuhi hiyo. Kumgusa kwa kidole, nyama ikamumunyuka kama mandazi yaliyolowa kwenye chai. Samaki wa barafu wa kutoka China wamejaa mjini. Kuwauza si kosa, kosa ni kuwaita wa leo. Kwa hiyo sasa sili kabla ya kumwona mbichi. Macho yawe yametokeza na kung'aa, ukiinua shavu ndani pawe pekundu, ukimbonyeza arudi. Mama wa kibanda akikataa usimguse samaki wake, mwache na uende zako.

Jumamosi damka, nenda Dunga, ufuo wa wavuvi. Si mbali na mjini. Waliotega nyavu usiku hurudi asubuhi, na utachagua ngege wako akiwa bado na magamba. Agiza na ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi. Ule mweupe unao Nakuru.

Mchana ndio wenyewe: mtaa wa Obunga, kula kile tunachokiita "mgongo wazi". Hapo sina haraka. Viwanda vikishatoa minofu ya mbuta, yule sangara, ya kupeleka ng'ambo, hubaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Akina mama huununua mgongo huo, wakaukaanga kwenye karai kubwa hadi ubadilike rangi ya kahawia. Usiangalie mifupa ukasema hakuna kitu. Nyama iko shingoni na nyuma ya mashavu, imejificha, na mapezi yakikaangwa vizuri yanavunjika mdomoni kama krisps. Kula kwa mkono, na kichwa kiache mwisho: kipasue, nyonya. Watu wa mjini huona haya kwenda kula huko, kisha jioni wanatuma mtoto akawafungie kwenye gazeti. Nawajua.

Jumapili ni soko la Kibuye, siku yake kubwa. Tafuta fulu wakavu, vile visamaki vidogo tulivyolelewa navyo. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala fulu hadi wakawa adimu, ndiyo maana nikitafuna mgongo wake sina huruma. Omena, dagaa wetu, usiulize wabichi kati ya Aprili na Julai, uvuvi wake hufungwa. Tafuta pia anayeuza osuga, ile mboga mnayoiita managu, iliyotiwa maziwa ikalala. Uchungu wake si kasoro. Ukiona nyoyo, mahindi na maharagwe, kula kidogo tu, inashibisha ukashindwa na mengine. Mutura na smokie, hizo soseji, zipite; hazikukutoa Nakuru.

Ukifika kwa mama yeyote msalimu kwa Kijaluo, "Oyaore", kama ni asubuhi, kabla ya kuuliza bei. Vipande vyako vitaongezeka ukubwa, nakwambia. Beba noti ndogo. Na siku ya Obunga usivae shati jeupe.